Siku Tisa za Kwenda Matambarale

Mwalimu Makrina alimkuta Teodosia ndani ya shimo. Ilikuwa mwezi wa tano mwaka 2002, mvua zimeshakata, na binti huyo alikuwa amezama hadi kiunoni kwenye udongo mwekundu wa kichaka kilicho nyuma ya mashamba ya Mnero, anachimba ming'oko. Viazi pori hivi ni vyembamba, virefu, na hupita ardhini vinavyotaka vyenyewe. Mwenye papara huvikata akaenda nyumbani na vipande. Teodosia hakuwa na papara. Alikwangua udongo kwa kijiti, kidogo kidogo, mpaka mzizi mzima ukamlegea mkononi.

"Shikamoo Mwalimu," alisema kutoka humo shimoni, akiona haya kwa matope aliyokuwa nayo.

"Marahaba. Usitoke, endelea. Nimekuja kutazama."

Mwalimu akakaa juu ya kisiki, akaweka mkoba wake magotini. Akatazama kwa muda mrefu.

"Ukikuta jiwe unafanyaje?" akauliza mwishowe.

"Nalizunguka."

"Na ukishindwa kulizunguka?"

Teodosia alifikiri kidogo. "Naacha shimo hilo, naanza jingine. Ila nalifukia kwanza, mtu asije akavunjika mguu."

Mwalimu Makrina akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata alichokifuata, kisha ndipo akasema kilichomleta.

Teodosia alikuwa na miaka kumi na tisa wakati huo. Baba yake, Kornel, alikuwa katekista wa kigango. Jumapili ambazo padre hakufika, yeye ndiye aliyeongoza ibada. Mama yake aliitwa Goreti, ila kijijini walimwita Mama Kassian kwa jina la mwanawe wa kwanza. Teodosia alimaliza darasa la saba mwaka 1998. Alifaulu, lakini nafasi za sekondari zilikuwa chache na jina lake halikubandikwa ubaoni. Akarudi kwenye jembe, kwenye mikorosho na ufuta wa nyumbani, na hakuna aliyemsikia akilalamika.

Kwa kweli hakuna aliyemsikia akisema jambo lolote. Kwaya ya kigango ilimtegemea kwa sauti ya pili, lakini wimbo ukiisha, sauti ile ilikwisha nayo. Mwaka 2000 vijana wa parokia walimchagua kuwa katibu wao. Wiki iliyofuata alijiuzulu, na hata huko kujiuzulu alimtuma mdogo wake akaseme.

Mwalimu Makrina yeye alikuwa mtu wa Karagwe. Alipangiwa kazi Nachingwea mwaka 1994, na wiki ya kwanza alilia kwa kukosa ndizi za kupika. Baadaye akazoea ugali wa muhogo, akajifunza salamu za Kimwera, akabaki. Alifundisha shule ya msingi, na nje ya shule alikuwa na kikundi cha mabinti waliomaliza darasa la saba au waliokuwa sekondari. Kwa miaka miwili kikundi hicho kilikuwa kikiandikiana barua na chama cha wasichana wa Finland, nchi ya baridi ya kaskazini ya Ulaya, ambao kazi yao likizo ilikuwa kutembea misituni na mizigo mgongoni. Sasa wageni wanne walikuwa wanakuja. Wangetembea kwa miguu pamoja na mabinti sita wa hapa, siku tisa: waanzie Mkotokuyana, wakate msitu kwa njia ya kuzunguka, wafuate bonde la mto Mbwemkuru, watokee Matambarale upande wa Ruangwa.

"Kutembea tu?" Teodosia aliuliza.

"Kutembea, kujipikia, kuamua wenyewe mnalala wapi. Nataka kuona binti akiwa na watu kumi nyuma yake, na hakuna baba wala kaka wa kumwambia la kufanya."

Habari hiyo haikupokewa vizuri nyumbani kwa katekista, na kulikuwa na sababu. Fundi baiskeli mmoja wa pale senta, kijana mpole aitwaye Filbert, alikwisha kumtuma mjomba wake mara mbili kuleta posa, na jibu lilikuwa bado halijatolewa. Mjomba aliposikia mambo ya safari akaja mara ya tatu, safari hii na uso umekunjamana.

"Katekista," alisema, "binti wa watu kulala porini siku tisa! Watu watasema nini?"

Kornel akakuna kidevu. Mama Kassian, aliyekuwa anapepeta mtama pembeni, akaweka ungo chini.

"Porini anakwenda kila wiki kutuchimbia ming'oko, tunakula," alisema. "Mwaka ule wa njaa alikwenda kila siku. Sikumsikia mtu akiuliza watu watasema nini."

Mjomba akaomba maji ya kunywa. Alipokwisha kuondoka, Kornel alimgeukia binti yake.

"Mwalimu nimeongea naye. Askari wa wanyamapori atakuwepo na bunduki. Lakini wewe mwenyewe, unataka kwenda?"

Teodosia alibabaika. Katika miaka yake yote hakukumbuka kuulizwa swali hilo na baba yake, si kuhusu shule, si kuhusu posa. Akatazama vidole vya miguu yake.

"Nataka," alisema.

Kesho yake jioni Filbert akafika mwenyewe, anakokota baiskeli, na mkononi ana makatambuga mapya aliyoyakata kutoka tairi la gari.

"Mjomba alisema yake," akamwambia mlangoni. "Mimi nasema viatu vya dukani vitakuchubua. Vaa hivi, uvizoee kabla ya safari."

Mwanzoni mwa mwezi wa saba wakakutana wote Nachingwea mjini, kwenye nyumba ya wageni ya parokia, kwa siku tatu za matayarisho. Wasichana wa Finland walishuka kwenye gari wakiwa wekundu kama waliotoka kuota moto. Mmoja, mrefu, mwenye madoadoa puani, akamwendea Teodosia na kunyoosha mkono.

"Mimi Aino," alisema kwa Kiswahili alichokikariri.

"Aina gani?" Teodosia aliuliza, akidhani hakusikia vizuri.

Waliokuwa karibu wakaangua kicheko, na Aino akacheka nao ingawa hakujua kwa nini. Aliyemweleza ni Doris. Huyu alikuwa binti wa afisa kilimo wa wilaya, baba yake mtu wa Moshi. Doris aliletwa Nachingwea akiwa na miaka sita, sasa alikuwa kidato cha tano shule ya bweni mkoa mwingine, Kiingereza kinamtoka bila kikwazo. Wilaya hiyo ilikuwa kwao kwa miaka kumi na miwili, lakini humo wilayani hakuwahi kwenda mbali zaidi ya uwanja wa ndege. Alipobebeshwa mkoba wa kilo kumi na tano akapepesuka.

"Kasheshe!" akasema. "Huu ni mzigo au adhabu?"

Teodosia alimwogopa kuliko alivyowaogopa wageni. Aliogopa vile Doris alivyosema lolote lililomjia, mbele ya yeyote.

Sharti la safari lilikuwa moja. Kila siku msichana mmoja angekuwa kiongozi wa siku. Yeye ndiye angewaamsha, angechagua njia na mahali pa kupumzika, angegawa maji na kazi, na neno lake ndilo la mwisho. Mwalimu Makrina angetembea nyuma kabisa na kufunga mdomo. Lukman, askari wa wanyamapori wa kijiji ambaye wasichana walimwita Afande, angeingilia jambo moja tu: wanyama.

Wakaondoka Mkotokuyana alfajiri, umande bado uko kwenye nyasi. Mashamba ya mihogo yakaisha, mikorosho ikaisha, kukabaki miti ya miyombo yenye majani ya rangi ya shaba na njia ya wawindaji inayopotea na kuonekana tena. Siku ya kwanza miguu iliwauma, na siku ya pili mabega. Siku hiyo aliongoza Zena, binti wa Matambarale, ambaye aliwaimbisha kutwa nzima hata Afande akaanza kuitikia bila kujijua.

Siku ya tatu, walipofika kambini mapema, Teodosia aliona mmea wa ming'oko ukipanda juu ya mti, akashindwa kujizuia. Akaanza kuchimba. Aino akaja kuchuchumaa karibu naye, akaomba kijiti kwa ishara. Baada ya dakika chache akakata mzizi katikati. Akakunja uso, akajaribu tena, akakata tena. Mara ya nne alitoa mng'oko mzima wenye urefu wa mkono, akaruka nao kama mtu aliyeua simba.

Jioni hiyo wakala ming'oko ya kuchemsha na chumvi, na Aino akazungumza, Doris anatafsiri. Kwao, alisema, bibi yake huingia msituni kuokota uyoga, na mahali anapouokota hamwambii mtu, hata watoto wake mwenyewe. Husema atakuja kusema siku ya kufa.

Teodosia alicheka mpaka akashika mbavu. "Mwambie bibi yangu ni hivyo hivyo kwa ming'oko! Mwambie alikufa bila kusema, tukahangaika misimu miwili!"

Baadaye Aino akauliza juu ya neno alilolisikia wakiitana kwa utani, mwali. Ni nini? Wasichana wa hapa wakatazamana. Doris mwenyewe hakujua ajibu nini, maana kwao Moshi mambo ni mengine na hapa hakuchezwa unyago. Wakamgeukia Teodosia, labda kwa kuwa alikuwa mkubwa wao.

"Mwambie ni msichana aliyefundwa," alisema polepole. "Mwambie yapo mambo ambayo husemwa ndani tu, na sisi tumefundishwa kuyanyamazia. Si kwamba hatumpendi."

Aino alisikiliza, akakubali kwa kichwa. Kwao pia, alisema, kiko chumba kidogo cha mvuke ambamo wanawake wa ukoo hukaa pamoja, mama na bibi na mabinti, na yanayosemwa humo hayatoki nje. Doris alipomaliza kutafsiri akamwambia Teodosia kwa sauti ya chini, "Nimekaa na nyie miaka kumi na miwili, hayo sikuwahi kuyauliza. Anakuja mgeni wa siku sita, anauliza."

Siku ya sita ikawa zamu ya Teodosia.

Alikwisha kumwomba Mwalimu zamu hiyo apewe Doris, na Mwalimu alimtazama tu. Basi aliamka kukiwa bado giza, akawasha moto, akawaamsha mmoja mmoja kwa kuwagusa bega, kwa sababu kupaza sauti kulimshinda. Maji yalikuwa yamepungua. Doris alifungua ramani waliyopewa na halmashauri, akaweka kidole.

"Tupande kaskazini. Mbwemkuru huu hapa. Mwendo wa saa tatu, nne, tumefika."

"Liko bwawa karibu zaidi," alisema Teodosia. "Magharibi kidogo. Nililiona nikiwa na shangazi, tulikuja kufuata asali."

"Kwenye ramani halipo."

"Lipo. Nilioga humo."

Afande Lukman aliulizwa. Alisema upande huo hakuupita tangu mwaka juzi, hajui. Wote wakamtazama Teodosia. Kwa kuwa alitaka macho hayo yamtoke upesi, akasema, "Twende bwawani," akatangulia.

Walitembea hadi jua likawa utosini. Bwawa lilikuwepo pale pale alipolikumbuka, na mti wake ulioinama, na jiwe lake jeupe. Lakini lilikuwa limekauka hadi chini. Matope yalipasuka vipande vipande vyenye kingo zilizojikunja, na katikati lilikuwepo fuvu la nyati. Hapo ndipo alipokumbuka kwamba yeye na shangazi walikuja mwezi wa tatu, mvua zikiwa zimekolea.

Wageni walikaa chini pale pale juani. Kila mmoja alibakiwa na kiasi cha kikombe kimoja na nusu cha maji.

"Nilisema," alisema Doris. "Nilisema au sikusema? Mtu ana ramani mkononi, lakini ah, nililiona na shangazi!"

Teodosia alimtafuta Mwalimu Makrina kwa macho. Mwalimu alikuwa nyuma, anafunga kamba ya kiatu ambayo tayari ilikuwa imefungwa. Angeweza kumtuma mtu, lakini mdogo wake hakuwepo. Angeweza kusema shangazi alimdanganya, au mwaka huu mvua ni mbaya, na maneno hayo yalimjia mdomoni kabisa. Akapanda juu ya lile jiwe jeupe, asijue kwa nini amepanda.

"Nimekosea," alisema. Sauti ilikuwa ndogo, akarudia. "Nimekosea mimi. Bwawa hili ni la masika, na mimi nimewaleta kiangazi. Doris alisema kweli." Akameza mate, mate yenyewe hayakuwepo. "Doris, naomba unionyeshe hiyo ramani. Mimi siijui kuisoma. Nionyeshe."

Doris alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, na sasa ugomvi haukuwepo. Akaitandaza ramani juu ya jiwe, wakaiinamia wote wawili. Doris akamwonyesha mistari ya vilima na mstari wa mto. Teodosia akauliza hiki ni kilima kipi, kile chenye kichwa bapa? Akageuka, akakiona kwa macho. Naye akasema kitu ambacho ramani haikuwa nacho: kwamba bonde fupi linaloonekana njia nzuri litakuwa na miiba ya kuwazuia hadi jioni, bora wapite mgongoni mwa kilima.

Wakati huo Aino alikuwa amelala chali, kichwa kinamgonga, midomo imemkauka. Teodosia akaomba sufuria.

"Maji yote yaje humu," alisema.

Mmoja wa wageni akakumbatia chupa yake. Teodosia hakumkasirikia.

"Doris, waambie maji haya kuanzia sasa si ya mtu. Waambie mimi nitakunywa wa mwisho, na Aino wa kwanza."

Doris alimtazama, halafu akatafsiri, na alitafsiri kwa sauti ile ile ya upole aliyoisikia. Chupa zikamiminwa. Wakanywa funda mbilimbili, wakajibanza kwenye kivuli cha mti ulioinama, wamejifunika kanga vichwani, wakangoja jua lipungue makali. Saa tisa wakanyanyuka. Mkoba wa Aino ukagawanywa, kila mtu kitu kimoja. Doris alishika ramani mbele kulia, Teodosia mbele kushoto, wakawa wanaulizana njia nzima.

Jua lilikuwa bado lina urefu wa miti miwili walipouona mto. Ulikuwa mchanga mtupu, mpana, mweupe. Wageni wakaguna kwa kukata tamaa, lakini Teodosia aliona mitete ya kijani ukingoni akajua maji yako chini, si mbali. Alikuwa ameshaanza kuteremka Afande Lukman alipomkamata mkono.

"Hapa naamua mimi," alinong'ona.

Ng'ambo, chini ya ukingo, walisimama tembo watatu wakubwa na mmoja mdogo. Walikwisha kuchimba mashimo kwenye mchanga, na mkubwa mmoja alikuwa anachota taratibu, akingoja shimo lijae, akichota tena. Lukman akakung'uta kifuko cha majivu kuona upepo unakwenda wapi. Ulikuwa unatoka kwa tembo kuja upande wao, kwa hiyo tembo hawakuwanusa.

"Tunasubiri mpaka lini?" Teodosia aliuliza kwa midomo tu.

"Mpaka washibe."

Kazi ya kuwatuliza watu kumi wenye kiu mbele ya maji ilikuwa yake. Alipita akitambaa, kwa kila mmoja, akimwekea mkono mgongoni, akionyesha kidole mdomoni. Wakalala kifudifudi kwenye nyasi. Pale hofu ilipopungua wakaanza kutazama. Yule mdogo hakuweza kufikia maji kwa mkonga wake mfupi, akapiga magoti, akaingiza kichwa chote shimoni, akatoka na mchanga usoni. Aino alibana kicheko kwa viganja viwili. Karibu saa nzima ilipita hivyo. Kisha tembo wakageuka bila haraka, wakapanda ukingo, wakapotea kwenye miti, na Lukman akasema, "Haya. Chimbeni upande huu, mashimo yale tuwaachie wenyewe."

Maji yalikuja kwa kina cha mkono hadi kiwiko, yenye tope, baridi. Wakayachuja kwa kanga, wakayachemsha. Teodosia alikunywa wa mwisho kama alivyoahidi, na Mwalimu Makrina ndiye aliyemshikia kikombe.

Kabla ya kula, kila siku walizungumza juu ya kiongozi wa siku hiyo. Doris alianza.

"Mimi nyumbani naambiwa nina mdomo," alisema. "Shuleni pia. Leo mtu ameniomba ninachokijua, badala ya kuniambia ninyamaze. Basi. Sina zaidi."

Mwalimu alimuuliza Teodosia kama ana neno.

"Kusema nimekosea kulinitisha kuliko kiu," Teodosia alisema. "Nilidhani nikishasema hakuna atakayenifuata. Nikageuka nyuma, mko wote."

Akaona amesema mengi, akaenda kukoroga ugali.

Siku ya tisa waliingia Matambarale, wamepauka kwa vumbi, na mama yake Zena alikuwa njiani na wanawake wenzake wakipiga vigelegele. Walichezewa ngoma, wakala kuku na wali, na wageni wakaoga maji ya moto kwa zamu. Wakati wa kuagana Aino na Teodosia hawakuwa na lugha ya kuagania, maana Doris alikuwa ndani anafunga mizigo. Wakashikana mikono, wakasimama hivyo tu.

Mwaka uliofuata Teodosia aliolewa na Filbert. Mwaka 2005 barua ilikuja kutoka Finland: nafasi mbili kwa mabinti wa huku kwenda kutembea misitu ya kule, na jina moja lilikuwa lake. Alikuwa na mimba ya miezi sita. Yeye na mumewe walizungumza siku tatu, kisha akamwandikia Mwalimu Makrina, mwenyewe kwa mkono wake, kwamba aende Zena. Zena alikwenda, akarudi na picha, akakaa kwenye mkeka wa Teodosia kutwa nzima akisimulia.

"Msitu wao hauna miiba, hauna simba, hauna nyoka wa maana," alisema. "Lakini mbu! Mbu wao ni wakubwa kuliko hawa wetu, Teo, na jua halizami!"

Teodosia alicheka sana. Zena alipoondoka, yeye alikwenda nyuma ya nyumba akalia hadi mtoto wake mchanga alipoamka. Hakulificha jambo hilo baadaye. Alisema ni kweli alitamani kwenda, na ni kweli hakujuta kubaki, na yote mawili yalikaa humo humo moyoni bila kugombana.

Miaka hiyo halmashauri ilikuwa inahimiza vijiji vitenge misitu yao na kuilinda. Kamati ya maliasili ya kijiji ilitakiwa kuwa na wanawake, na Teodosia akaingizwa kukamilisha idadi. Mwenyekiti alipohamia Masasi, wakamweka yeye, wakidhani ni kwa muda. Shida ilikuwa mpaka. Kijiji jirani kilisema msitu ni wao hadi kwenye kijito, watu wa kijiji cha Teodosia wakasema ni wao hadi ng'ambo ya kijito. Vikao viwili vilifanyika ofisini na vyote viliishia kwa watu kusukuma meza.

Mwaka 2007, kikao cha tatu, Teodosia alisimama. "Tumegombania karatasi," alisema. "Nani hapa ameutembea mpaka huo mzima kwa miguu?" Hakuna aliyenyoosha mkono. "Basi tuutembee. Watu sita wa kwetu, sita wa kwenu. Siku tatu."

Kwa upande wa pili alikuwepo mzee mmoja mkali, Teofili, mwenye mizinga ya nyuki msituni tangu ujana wake. Asubuhi ya kuondoka alijichomeka panga kiunoni, akasema mbele ya watu wote, "Mimi sijawahi kuongozwa porini na mtoto wa kike."

"Leo tangulia wewe, babu," Teodosia alimjibu. "Tutakufuata. Kesho atatangulia mwingine, kesho kutwa mwingine."

Mzee akatangulia, na alijua njia, na alijua pia mizinga ya watu wa kijiji cha kina Teodosia, maana alikuwa jirani nayo miaka thelathini bila kugombana na wenyewe. Siku ya pili walipofika kwenye kijito walikuta wanawake wa vijiji vyote viwili wanachota maji kwenye chemchemi moja, wanasaidiana kutwishana ndoo. Wale wanaume kumi na mmoja wakasimama wakiwatazama. Hakuna aliyehitaji hotuba. Mpaka ukapita ubavuni mwa kijito, chemchemi ikaandikwa kuwa ya wote, na miti ikatiwa rangi nyeupe kila hatua mia.

Jioni ya siku ya tatu, watu walipokuwa wanatia dole gumba kwenye karatasi, Mzee Teofili alimvuta Teodosia pembeni.

"Nasikia wewe na yule mwalimu wa Kihaya mna wasichana wa kutembea nao."

"Ndiyo, babu. Mwaka kesho wageni wanakuja tena. Mwalimu ameniachia mimi kuwatembeza."

"Mnachukua na wa kijiji chetu?"

"Ana umri gani?"

"Kumi na saba. Prisila, mjukuu wangu." Mzee alisita, akatazama panga lake. "Ila nakwambia mapema, ana maneno mengi."

"Wa maneno mengi tunawachukua," alisema Teodosia. "Mlete Jumamosi, tunaanza mazoezi. Aje na viatu alivyovizoea."

Prisila alifika Ijumaa.